Wauza RAM watuulize zaidi ya GB

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuumiza sisi wenye stesheneri ndogo za mikoani, na naamini linawaumiza pia walimu, makarani wa ofisi za vijiji na yeyote mwenye kompyuta ya mezani iliyoanza kuchoka. Ukienda dukani kununua RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, unaulizwa swali moja tu, la ukubwa wake: "GB ngapi?" Ukishataja namba unapewa kifaa, unalipa, unaondoka. Swali hilo moja limenila fedha ya vifaa viwili ambavyo mashine yangu haikuvikubali, nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, na wateja wengi wa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu.

Stesheneri yangu ipo Manundu, Korogwe. Nina mashine ya kopi moja, printa mbili na kompyuta moja ya mezani, Dell OptiPlex 3020, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Prosesa yake ni Core i3 ya kizazi cha nne, na ilikuja na Windows 10 na RAM ya GB 4. Nilipokuwa nachapa mitihani ya shule za msingi na barua za mwaliko wa harusi, ilinitosha kabisa. Ila kazi ya stesheneri si ile ya zamani. Siku hizi mteja haleti karatasi, analeta simu. Nifungue WhatsApp kwenye kompyuta nipokee faili lake. Huyu anataka kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, yule anasajili jina la biashara BRELA, mwingine ana tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira linalofungwa leo saa sita usiku. Katikati ya yote hayo yupo mama na mtoto wanasubiri picha za pasipoti, na picha hizo nazirekebisha kwenye Photoshop.

Julai mwaka jana alikuja kijana kutoka Magoma, amepanda bodaboda tangu alfajiri. Fomu yake ya mkopo tulikuwa tumeiprinti wiki iliyotangulia, akaipeleka kwa mwenyekiti na kwa hakimu, ikasainiwa, ikagongwa mihuri. Ilibaki kuiskani na kuipakia. Programu ya skana ilipofunguka, mashine ikaganda. Mshale hausogei, taa ya diski imewaka moja kwa moja bila kupepesa. Tulisubiri. Ilipozinduka, ukurasa wa maombi ulikuwa umeshatutoa nje kwa kukaa muda mrefu bila kufanya kitu, tukaanza upya. Ikaganda tena. Kijana yule aliondoka saa kumi jioni, na nyuma yake kulikuwa na watu waliokata tamaa na kwenda kwingine. Sikuwalaumu.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu wengi wetu tunachanganya. Kompyuta ikiwa nzito tunasema "imejaa", kisha tunaanza kufuta picha na nyimbo. Picha na nyimbo zinakaa kwenye diski. Kinachojaa mashine inapoganda kwa namna ile ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zote zilizofunguliwa zinafanyia kazi, na ambayo inafutika umeme ukikatika. Kaunta yangu ina urefu wa kama mita moja na nusu. Wateja watano wakiweka karatasi zao juu yake, ya sita haina pa kukaa, inabidi nitoe baadhi nizipeleke kwenye rafu ya nyuma, na nikizihitaji nizifuate kulekule. Kompyuta nayo hufanya hivyo: RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kisha inairudisha, inahamisha, inairudisha. Diski ya kuzunguka ni nzito mno ukilinganisha na RAM. Ndiyo maana taa ile haikupepesa, na ndiyo maana kufuta picha kusingenisaidia lolote.

Nikaamua kuongeza RAM. Nilimtumia fedha mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam na ujumbe mfupi: "Ninunulie RAM ya desktop GB 8." Yeye akaenda dukani akasema hivyohivyo. Muuzaji hakumuuliza mashine gani. Akauziwa kwa shilingi 55,000, akaifunga vizuri, akaituma kwa basi. Nilipoipokea stendi nilifurahi sana. Fundi wetu kijana alikuja jioni, akafungua bati, akaishika juu ya sloti, akanyamaza. Halafu akasema, "Mama, hii haiingii."

Ilikuwa DDR4, na mashine yangu inatumia DDR3, vizazi viwili tofauti vya RAM. Kwa macho ya mtu asiyejua vinafanana: urefu uleule, meno yaleyale ya rangi ya dhahabu. Tofauti ya kwanza inayoonekana ni pengo lililokatwa kwenye ukingo wenye meno. Kila kizazi pengo lake limewekwa mahali pake, makusudi, ili RAM ya kizazi kimoja isiingie kwenye sloti ya kizazi kingine. DDR3, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ina meno 240 na inatumia volti 1.5. DDR4 ya mwaka 2014 ina meno 288 na volti 1.2. DDR5 iliyofuata ina meno 288 vilevile, lakini pengo limesogezwa na volti zimeshuka hadi 1.1. Hakuna kati ya hizo inayoweza kukaa mahali pa mwenzake. Namshukuru Mungu fundi wetu ni mpole. Angekuwa mtu wa nguvu angekandamiza mpaka sloti ipasuke, na hapo ningekuwa natafuta madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, si RAM.

Mwezi uliofuata nikaenda Dar es Salaam mwenyewe, na safari hii nilikuwa na neno moja zaidi: DDR3. Nilizunguka Kariakoo tangu asubuhi. Duka moja likaniambia lina DDR3 ya GB 8 kwa shilingi 25,000, bei ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Nikamwambia muuzaji ni ya kompyuta ya mezani. Akajibu, "Hiyo ndiyo yenyewe, mama, ni ndefu, si ya laptop." Nikaomba tuijaribu, akasema hana mashine ya kujaribia. Risiti iliandika "computer accessories", basi, na chini yake mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nyumbani iliingia vizuri. Pengo lilikaa mahali pake, vibana vya pembeni vikafunga kwa mlio, nikasema sasa Mungu amejibu. Fundi akabonyeza kitufe. Taa ikapepesa rangi ya chungwa, kioo kikabaki cheusi. Tukaichomoa, tukasafisha meno kwa ufutio, tukabadilisha sloti. Kioo cheusi. Tukarudisha ile ya GB 4 ya zamani, mashine ikawaka kama kawaida.

Usiku ule sikulala vizuri. Si shilingi 25,000 peke yake. Nilikuwa nimeuliza, nimetaja aina ya mashine, nimefanya kila nililojua kufanya, na bado nimerudi na kitu kisichofaa. Mtu anaweza kuwa makini na bado akapoteza fedha yake, kama kile anachotakiwa kukijua hakuna aliyewahi kumwambia kwa lugha anayoielewa.

Jibu nililipata Tanga mjini, kwenye duka dogo la kijana mmoja ambaye sitamtaja jina kwa sababu sijamwomba ruhusa. Nilichomoa RAM yangu ya zamani nikaiweka kwenye bahasha ya kaki, na ile ya Kariakoo kwenye bahasha nyingine, nikapanda basi la asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na tatizo la RAM."

"Umekuja na ile inayofanya kazi?"

Katika safari zote, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza hivyo. Nikampa bahasha zote mbili. Akaziweka juu ya kaunta zikiwa zimelala sambamba, akageuza lebo juu, akaniita nisogee nisome mwenyewe. Ya zamani iliandikwa: 4GB 1Rx8 PC3-12800U. Ya Kariakoo iliandikwa: 8GB 2Rx4 PC3-12800R.

"Soma herufi ya mwisho, mama. Yako ni U. Uliyouziwa ni R."

Mhariri, naomba uniruhusu nikae hapa kwenye lebo hii, kwa sababu ndani ya herufi hizo chache kuna kila kitu nilichokuwa nakitafuta. PC3 maana yake ni DDR3. PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Ukiona PC3L, ni DDR3 inayoweza kufanya kazi kwa volti 1.35, na hiyo inakaa salama hata kwenye mashine ya volti 1.5, lakini zipo mashine zinazotaka hiyo ya volti ndogo peke yake, kwa hiyo usiigeuze kanuni hiyo. Namba 12800 ni kasi: megabaiti 12,800 kwa sekunde. Igawe kwa nane unapata 1600, na ndiyo namba ambayo wengine huiandika DDR3-1600. Ukiona 10600, ni ile ya 1333. Ukichanganya ya 1600 na ya 1333 zitafanya kazi, ila zote mbili zitakwenda kwa mwendo wa ile nzito.

Kisha herufi ya mwisho. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. S ni fupi, ya laptop. R ni ya seva, zile kompyuta kubwa za kwenye benki na kampuni za simu. Hiyo R ina chipu ya ziada katikati, inayopokea maagizo kutoka kwa prosesa kabla ya kuyagawa kwa chipu nyingine. Seva imetengenezwa kuzungumza na chipu hiyo. Core i3 yangu haijui lugha hiyo kabisa. Na kwa bahati mbaya, katika DDR3 pengo la U na pengo la R liko mahali pamoja, kwa hiyo R inaingia kwenye sloti yako, inakaa, inabana, na mashine haiwaki. Seva zikizeeka huko nje zinafumuliwa, RAM zake zinauzwa kwa bei ya chini, zinafika hadi kwetu. Kwa mwenye seva ni mali nzuri. Kwangu ni kipande cha plastiki. Kijana wa Tanga hakusema kama niliuziwa kwa makusudi au kwa kutojua, nami sitasema. Lakini herufi ilikuwa pale, imeandikwa, na aliyeiuza alikuwa na wajibu wa kuisoma kabla yangu.

Na jambo hili la "ni ya desktop" nalo halitoshi. Dell OptiPlex 3020 yangu ni ile ya mnara, inachukua RAM ndefu. Ipo OptiPlex 3020 nyingine, ile ndogo inayoitwa Micro, na hiyo, ingawa ni kompyuta ya mezani na jina ni lilelile, inachukua RAM fupi za laptop. Mtu akipiga simu akasema "nina OptiPlex 3020", muuzaji makini lazima amuulize, ni ipi?

Nilidhani kijana yule angeniuzia GB 8, maana ndiyo niliyoomba. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza. Akaniuliza kama nimewahi kuangalia mashine inatumia kiasi gani saa za wateja wengi. Sikuwa nimeangalia. Akanionyesha kwenye kompyuta yake: ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja inafunguka Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, bofya Memory. Pale panaonyesha kasi ya RAM, sloti ngapi zina kitu na ngapi ziko wazi, na kama ni ndefu au fupi. Pana pia mstari unaoitwa Committed, wenye namba mbili. Ya kwanza ndiyo jumla ya kumbukumbu ambayo programu zako zimeomba, pamoja na ile iliyokosa nafasi ikasukumwa kwenye diski. "Iangalie saa mashine inapokuelemea," akasema. "Hiyo ndiyo itakwambia GB ngapi. Mimi siwezi kujua, na muuzaji mwingine yeyote hawezi kujua."

Nilimpigia msaidizi wangu dukani. Ilikuwa saa tano asubuhi, foleni ipo. Akafungua, akanisomea: 6.1.

Kwa hiyo kijana akaniambia nisinunue GB 8. Mashine yangu ina sloti mbili tu, moja ina GB 4. Nikiongeza GB 4 ya aina ileile ninapata 8, ambayo inaizidi 6.1 kwa nafasi nzuri. Tena RAM mbili zinazolingana zinasomwa kwa pamoja, kila moja kwa njia yake, kwa hiyo upana wa kupitisha data unakuwa mara mbili ya ule wa RAM moja. Kwa mashine isiyo na kadi ya picha ya peke yake hilo lina faida, maana picha za kwenye kioo nazo zinatengenezwa na prosesa na zinakula kutoka kwenye RAM hiyohiyo. Ningeweka 8 pamoja na 4 ingefanya kazi pia, GB 12, ila sehemu ya juu ingesomwa kwa njia moja tu. Angeweza kuniuzia ya bei kubwa, na nilikuwa tayari kulipa. Akaniuzia ya shilingi 18,000.

Kabla sijalipa aliichomeka kwenye mashine yake ya majaribio akawasha programu ya kupima RAM. Nilikunywa chai, nikasoma gazeti, ikapita karibu saa nzima, haikuonyesha kosa hata moja. Kwenye risiti akaandika kila kitu kilichoko kwenye lebo, mpaka ile U, na akaandika dhamana ya siku 30.

Tangu siku ile mashine haijaganda hata mara moja nikiwa na skana, Word, WhatsApp na kurasa za maombi vyote viko wazi. Fedha iliyobaki niliongezea kidogo, nikabadilisha diski ya kuzunguka nikaweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Kama kuna mtu namba yake ya Committed haifiki hata kiwango cha RAM aliyonayo, na bado mashine inachukua muda mrefu kuwaka na kufungua programu, basi tatizo lake liko kwenye diski, na RAM hata akiweka GB 32 hataona tofauti. Huyo anunue SSD kwanza.

Mwenzangu mwenye stesheneri karibu na Chuo cha Ualimu alipata tatizo jingine, nalo nalisema kwa sababu linawapata wengi. Aliweka GB 8, RAM sahihi kabisa, na kompyuta ikaendelea kumwambia ina GB tatu na kitu tu za kutumia. Alirudi kugombana na muuzaji, akamwita mwizi mbele ya watu. Kumbe Windows yake ilikuwa ya biti 32, ambayo haivuki GB 4 hata uiwekee kiasi gani. Alipowekewa ya biti 64, GB zote zikaonekana. Alirudi akamwomba radhi, na nampongeza kwa hilo. Lakini muuzaji naye angemuuliza mapema, ugomvi usingekuwepo.

Kuna jambo la wakati huu ambalo linanipa haraka ya kuandika. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Naona watu wananunua RAM wakiamini kwamba wakifikisha GB 8 au 16 kompyuta zao za zamani zitapokea Windows 11. Hazitapokea kwa sababu hiyo. Windows 11 inadai RAM ya GB 4 tu. Kinachozuia mashine zetu ni prosesa, kwa kuwa kwa upande wa Intel inaanzia kwa jumla kizazi cha nane, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Yangu ni kizazi cha nne, nalijua hilo, na nimeongeza RAM nikijua kwamba ninanunua muda wa kufanya kazi wakati najipanga kwa mashine nyingine. Shilingi 18,000 kwa hesabu hiyo ni halali. Laki moja isingekuwa halali. Muuzaji anayemwambia mwalimu mkuu kwamba RAM itampeleka Windows 11 anampotosha, na fedha inayopotea pale ni ya shule.

La pili, mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM duniani zilipanda sana. Watengenezaji wakubwa ni watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na wamegeuza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba, ambako kuna fedha nyingi. RAM mpya ikipanda, sisi wa kipato cha chini tunakimbilia iliyotumika, na huko kwenye iliyotumika ndiko kuliko R zinazouzwa kama U. Tusipofungua macho sasa, watakaorudi nyumbani na kioo cheusi watakuwa wengi.

Ninachoomba si kikubwa. Naomba wauzaji wetu, kabla ya kutaja bei, waulize mashine ni gani na waombe picha ya lebo ya RAM iliyomo ndani. Kila mtu ana simu yenye kamera. Kufungua bati na kupiga picha ni kazi ya dakika tano, ilimradi umezima, umechomoa waya wa umeme, umebonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, na umegusa bati la mashine kabla ya kugusa RAM. Naomba risiti iandike lebo nzima. "Computer accessories" hainisaidii mimi, haimsaidii muuzaji mwaminifu, na haimsaidii hakimu kama tutafika huko. Naomba duka linalouza RAM iliyotumika liwe na mashine hata moja ya kujaribia, au limpe mteja siku chache za kuirudisha. Sisi wa mikoani hatuwezi kurudi Kariakoo kesho asubuhi.

Na Tume ya Ushindani naiomba iangalie mihuri ile ya "mali ikishauzwa hairudishwi" kwenye vifaa vya kompyuta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mtu akisema wazi anataka RAM ya kompyuta ya mezani, akapewa ya seva akiambiwa "hiyo ndiyo yenyewe", sioni mhuri wa karani unawezaje kufunga mjadala huo.

Nawe Mhariri, nina ombi kwako pia. Magazeti yetu yanaandika kuhusu simu mpya kila wiki. Tuandikieni siku moja namna ya kusoma lebo ya RAM, namna ya kutambua SSD ya kweli, namna ya kujua kizazi cha prosesa, kwa Kiswahili, na picha kubwa inayoonekana. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii na sikuwa nimewahi kuona mahali pameandikwa kwa lugha yangu kwamba U na R si kitu kimoja.

Ile DDR4 nilifanikiwa kuiuza kwa mwalimu mwenye mashine inayoifaa, kwa hasara ya shilingi 10,000. Ile yenye R sikuiuza kwa mtu, maana ningemfanyia mwingine kile nilichofanyiwa. Ipo chini ya kioo cha kaunta yangu, lebo juu, pembeni yake nimeweka kipande kibovu cha DDR3 chenye U ambacho fundi wetu alinipa. Anayepita Korogwe na hana uhakika na anachotaka kununua, aje na picha ya RAM yake avilinganishe. Sitozi kitu kwa hilo.

Mwenye stesheneri,
Manundu, Korogwe.